Hailaita haichongoi pua

Ujumbe huu huzunguka kwenye magrupu, mara nyingi na picha mbili za "kabla" na "baada": paka hailaita, poda ya urembo inayong'aa, juu ya pua kila siku, na baada ya muda pua itachongoka yenyewe, hata ukiosha uso.

Haichongoki. Umbo la pua linatokana na mfupa na gegedu, na poda haifiki huko. Hailaita nyingi hung'aa kwa sababu ya ulanga, madini yanayosagwa laini sana na kurudisha mwanga. Mstari mwembamba unaong'aa katikati ya pua, na rangi iliyokoza pembeni, hulifanya jicho lione mwinuko. Urembo mzuri tu, ila unaondoka na maji na sabuni.

Kinachowachanganya wengi ni kamera. Simu ikiwa karibu na uso, pua huonekana kubwa kuliko ilivyo; ukisogea nyuma, inapungua. Jaribu mwenyewe: osha uso, jipige selfi karibu kabisa, kisha mtu akupige akiwa umbali wa mita mbili, mwanga uleule. Kata picha zote mbili uso ulingane ukubwa. Utapata "kabla" na "baada" bila kupaka chochote.

Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Aliyekutumia huenda naye aliamini tu, basi mwelekeze kwa upole. Hailaita yenyewe endelea kuipaka ukipenda. Ila ngozi ikiwasha, osha uso na uache kuipaka.