Bomba ni la nchi mbili, moshi unaandikwa kwa nani?

Kila Urusi na China zikisaini mkataba mpya wa gesi, watu huwa wanauliza nani kambana mwenzake kwenye bei, na ni swali la maana kabisa. Ila sisi tunaofanya kazi ya sera za nishati tuna swali lingine ambalo kwenye habari halipewi nafasi, nalo ni hili: moshi wa hiyo gesi utaandikwa kwenye daftari la nani? Maana hawa majirani wote wawili wameahidi mbele ya dunia. China ilisema Septemba 2020 kwamba kabla ya 2060 kaboni inayoitoa itakuwa sawa na ile inayofyonzwa, na Oktoba 2021 Urusi nayo ikataja 2060 hiyohiyo. Sasa ahadi ni za nchi moja moja, bomba ni la nchi mbili, na kwa bomba lenyewe zima zima, kuanzia kisimani mpaka jikoni, hakuna anayejibu.

Tulichukue lile linaloitwa Nguvu ya Siberia. Gazprom, kampuni ya gesi ya serikali ya Urusi, na CNPC, kampuni ya mafuta ya serikali ya China, walisaini Mei 2014, mkataba wa miaka 30, thamani iliyotajwa wakati ule ilikuwa dola bilioni 400, na gesi ikaanza kupita Desemba 2019. Inachimbwa Chayanda kule Yakutia (baadaye ikaongezwa ya Kovykta, mkoa wa Irkutsk), inasafiri zaidi ya kilomita 2,000 mpaka karibu na mji wa Blagoveshchensk, pale kuna stesheni ya Atamanskaya ambayo inaisukuma kwa mara ya mwisho, inapita chini ya mto Amur, inatokea Heihe, hapo tayari iko China.

Sasa fuata mita moja tu ya ujazo ya hiyo gesi uone hesabu inavyokwenda. Ikivuja kwenye vali kule Yakutia, inaandikwa Urusi. Mashine za kusukuma zikichoma kidogo njiani ili zifanye kazi, inaandikwa Urusi. Ikishavuka mto na kuchomwa kwenye boila ya kiwanda, moshi wote huo unaandikwa China, na ndo sehemu kubwa kabisa, kwa sababu mita moja ya ujazo ikiungua inatoa karibu kilo 2 za kaboni dioksidi, na bomba hili likijaa linapitisha mita za ujazo bilioni 38 kwa mwaka, piga mwenyewe hesabu utapata zaidi ya tani milioni 70 kila mwaka. Muuzaji hazimhusu kwenye ahadi yake.

Hapa hakuna aliyedanganya, kanuni ndo iko hivo. Mwongozo wa kuhesabu unaotumika chini ya Umoja wa Mataifa unasema moshi ni wa nchi ulikotokea, na sababu yake ni nzuri tu, kwamba tani moja isihesabiwe mara mbili. Lakini matokeo yake ni kwamba muuzaji anaweza kupanua biashara yake kila mwaka na ripoti yake ikabaki safi, huku mnunuzi akisema mimi nimeacha makaa ya mawe nimehamia gesi kwa hiyo nimepunguza. Wote wawili wako sahihi kwa karatasi zao.

Na je, mnunuzi kweli amepunguza? Hapa inategemea, na watu wanapenda kurukia jibu. Gesi ikizalisha umeme inatoa karibu nusu ya kaboni dioksidi ambayo makaa ya mawe yangetoa kwa umeme uleule. China inatumia zaidi ya nusu ya makaa yote yanayotumika duniani, kwa hiyo boila ya makaa ikizimwa na ya gesi ikawashwa mahali pake, hiyo ni faida, na hewa ya mjini nayo inakuwa nafuu kwa mapafu ya watu, hilo tusilidharau hata kidogo. Lakini gesi ikija kulisha kiwanda kipya huku boila ya zamani inaendelea kuwaka, hapo umeongeza tu. Alafu kuna methane, ambayo ndiyo gesi yenyewe kabla haijaungua. Kwa kipindi cha miaka 20, kilo moja ya methane inapasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko kilo moja ya kaboni dioksidi, kwa hiyo ikivuja kama asilimia 3 hivi kati ya kisima na mtumiaji, ile faida dhidi ya makaa kwa hiyo miaka 20 inakuwa imeliwa karibu yote. Asilimia 3 tu! Na kwenye ule mpango uliozinduliwa kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow wa 2021, wa kupunguza methane ya dunia kwa asilimia 30 ifikapo 2030, si Urusi si China aliyejiunga.

Kinachonisumbua zaidi ni urefu wa mikataba. Septemba 2025 Gazprom ilitangaza kwamba imesaini na CNPC hati ya makubaliano ya Nguvu ya Siberia 2, bomba la kupitia Mongolia, hadi mita za ujazo bilioni 50 kwa mwaka, kwa miaka 30, ingawa bei ilikuwa bado haijakubaliwa. Bomba kama hilo linajengwa miaka kadhaa. Hata tuseme gesi inaanza kupita 2032, ukijumlisha 30 unafika 2062, yaani mkataba unapita mwaka wa ahadi ya wote wawili. Na mikataba ya aina hii kwa kawaida huwa na kifungu cha chukua-au-lipa, mnunuzi asipochukua kiasi walichokubaliana analipa hivohivo, kwa hiyo hata sola ikishuka bei namna gani, gesi ameshailipia na ataichoma. Ahadi iliyotolewa chini ya Mkataba wa Paris wa tabianchi haina faini. Mkataba wa gesi unayo.

Msingi wa hesabu nao uangaliwe. Urusi iliahidi kwamba ifikapo 2030 moshi wake utakuwa hauzidi asilimia 70 ya kiwango cha 1990, misitu ikihesabiwa, ila viwanda vya Kisovieti vilianguka miaka ileile ya tisini kwa hiyo nchi ilishakuwa chini ya mstari huo kabla haijaahidi. China yenyewe ilifikisha 2024 lengo la gigawati 1,200 za upepo na sola ambalo ilikuwa imejiwekea kwa 2030, na mwaka uliofuata ikasema 2035 moshi wake utakuwa chini ya kilele chake kwa asilimia 7 mpaka 10. Kasi ya kujenga ni kubwa kuliko ahadi, na mi nadhani hiyo ndo sababu mojawapo Beijing haina haraka kwenye bei ya bomba la pili.

Ushirikiano wa majirani si lazima uwe gesi lakini. Tangu 2012 kuna laini ya kilovolti 500 inayovuka Amur kupeleka umeme China, kiasi kikubwa kutoka mabwawa ya Mashariki ya Mbali ya Urusi, umeme wa aina hiyo hauachi hesabu ya moshi wa kubishaniwa upande wowote. Bahati mbaya miaka ya karibuni mauzo yameshuka sana kwa sababu eneo lenyewe la Urusi limeanza kupungukiwa umeme.

Chini ya Paris kila nchi inatakiwa kutoa ripoti ya uwazi kila baada ya miaka 2, za kwanza zilitakiwa mwisho wa 2024 na zinazofuata ni mwisho wa Desemba 2026. Zikitoka, usiishie kwenye jumla ya ukurasa wa mbele. Tafuta jedwali la uvujaji wa mafuta na gesi, angalia kama namba imepimwa kwenye mabomba au imekadiriwa kwa kuzidisha tu kiasi cha gesi kwa kiwango cha wastani, alafu ilinganishe na methane inayoonwa na setilaiti kama Sentinel-5P ambayo iko juu tangu 2017. Ripoti ya Urusi na ya China zisomwe pamoja, meza moja, kwa sababu gesi ni ileile.