Kabla hujagusa 401(k) yako kwa ajili ya ada au nyumba

Kila msimu wa kodi hapa Columbus, Ohio, mimi humpokea mzazi aliyetoa akiba yake ya uzeeni ili mtoto aingie chuo. Mwaka juzi alikuja mama mmoja, mhudumu wa wazee, aliyekuwa ameacha kazi na kutoa dola 18,000 kwenye 401(k), yaani akiba ya uzeeni inayowekwa kupitia kazini, ya mwajiri wake wa zamani. Zilizomfikia mkononi ni 14,400, kwa kuwa asilimia 20 hukatwa hapohapo kama malipo ya awali ya kodi. Akadhani yameisha. Ikabidi nimweleze kuwa bado anadaiwa adhabu ya asilimia 10, yaani dola 1,800, kwa sababu hajafikisha miaka 59 na nusu.

"Lakini kaka, mbona niliambiwa ada ya chuo inasamehewa?"

Inasamehewa kweli, ila kwa fedha zinazotoka kwenye akaunti ya IRA, yaani akiba ya uzeeni unayojifungulia mwenyewe. 401(k) haina msamaha huo, wala ule wa nyumba ya kwanza. Yeye alikuwa ameshaacha kazi, hivyo angeweza kuomba fedha zihamishwe moja kwa moja hadi IRA, kisha azitoe huko akalipe ada. Zile 1,800 zingebaki kwake. Iliniuma sana, maana mama huyu alizipata kwa zamu za usiku.

Kumbuka pia kwamba kinachosamehewa ni adhabu. Kodi ya mapato kwenye IRA ya kawaida utalipa vilevile. Na ada iwe ya mwaka uleule uliotoa fedha: ukitoa Desemba kwa ada utakayolipa Januari, msamaha unaweza kukuponyoka.

Kwa nyumba, msamaha unaishia dola 10,000 kwa maisha yako yote, kiwango ambacho hakijapanda tangu sheria ya mwaka 1997. Mume na mke wenye IRA kila mmoja wanaweza kufikisha 20,000. Fedha zitumike ndani ya siku 120. "Nyumba ya kwanza" hapa ina maana kwamba wewe na mwenzi wako hamjamiliki makazi yenu makuu katika miaka 2 iliyopita. Wengi huniuliza kuhusu nyumba waliyojenga Moshi au Kisumu, wanamoishi wazazi. Kwa kuwa si makazi yako makuu, haikuzuii.

Wenye Roth IRA, aina ya IRA unayoweka fedha zilizokwisha kulipiwa kodi, wana nafuu: fedha ulizoweka mwenyewe unazitoa wakati wowote bila kodi wala adhabu. Masharti yapo kwenye faida.

Kama bado uko kazini, uliza kwanza iwapo mpango wako wa 401(k) unatoa mkopo. Sheria inaruhusu nusu ya akiba yako, isizidi dola 50,000, urejeshe ndani ya miaka 5, au zaidi ukinunua nyumba ya kuishi. Mimi huupendelea mkopo huu kuliko kutoa, kwa sharti moja: usiuchukue ukiwa na mpango wa kuhama kazi karibuni, kwa sababu ukiondoka, salio usilolipa huhesabiwa kama fedha ulizotoa, na kodi pamoja na ile asilimia 10 hurudi mezani.