Kichanga Anawashwa, Dada Yake Pia: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Ni harara tu, itaisha."

Huenda. Harara humtoka mtoto aliyefunikwa nguo nyingi, hutulia siku chache akipozwa, na haiambukizi. Lakini harara ya mtoto haimfanyi baba ajikune makwapa. Kichanga akiwa na vipele, dada yake halali kwa kujikuna, na mama naye anawashwa kiunoni, fikiria kwanza upele: ule wenyewe, unaoletwa na utitiri mdogo usiofika hata nusu milimita, unaochimba vijia ndani ya ngozi na kutaga humo. Kabla ya kumkagua mtoto, uliza nani mwingine nyumbani anawashwa, na kama muwasho unazidi usiku. Majibu hayo mawili mara nyingi husema mengi kuliko vipele vyenyewe.

"Upele hukaa katikati ya vidole. Huyu vidole vyake ni safi."

Kwa mtu mzima, sawa: katikati ya vidole, vifundo vya mikono, kiunoni, matakoni, sehemu za siri, na kwa kawaida kichwa husalimika. Kwa kichanga ramani hiyo haifuatwi. Tazama viganja, nyayo, makwapa, shingo, hata uso na ngozi ya kichwa. Nyayo za mtoto ambaye hajakanyaga chini zinaweza kujaa malengelenge madogo au vipele vyenye usaha, na hapo ndipo wengi hupotea njia. Kuna ugonjwa wa virusi unaotoa malengelenge mikononi, miguuni na mdomoni, lakini huo huja na homa na vidonda vya mdomo, kisha hupita ndani ya siku 7 hadi 10. Upele haupiti wenyewe.

Tena, kichanga wa miezi michache hajui kujikuna. Husugua nyayo moja kwa nyingine, hukasirika, hukatisha kunyonya, hulia usiku. Watu husema ni tumbo.

"Dada yake hana kipele hata kimoja, hajaambukizwa."

Muwasho si kuumwa na mdudu. Ni mwili unavyowakataa utitiri, mayai yao na kinyesi chao. Kwa anayeambukizwa mara ya kwanza, mwili huchukua wiki 2 hadi 6 kuanza kulalamika, na muda wote huo anaweza kuambukiza wengine. Aliyewahi kuugua huwashwa ndani ya siku 1 hadi 4. Kwa hiyo anayejikuna wa kwanza si lazima ndiye aliyeuleta, na ugomvi wa nani kaleta upele nyumbani hauna mshindi. Wote wanaoishi pamoja hutibiwa siku moja, wasiowashwa nao wamo.

Suala la uchafu tusilikawize. Upele huenea kwa ngozi kugusana kwa muda: kubeba, kunyonyesha, kulala kitanda kimoja. Sabuni haiuzuii.

"Walikwangua ngozi, darubini haikuona kitu."

Mgonjwa wa kawaida ana utitiri 10 hadi 15 tu mwili mzima. Kukwangua mahali wasipokuwepo ni rahisi sana. Kipimo kikiwaona, jibu limepatikana. Kisipowaona, upele haujafutwa.

"Krimu ya muwasho imemtuliza, basi ni pumu ya ngozi."

Hili ndilo linaloniudhi zaidi. Krimu kama hiyo huwa na steroidi, dawa ya kutuliza ngozi iliyowaka; hupunguza muwasho wa karibu kila kitu na kufuta alama ambazo daktari angezitambua, huku utitiri wakiendelea kutaga. Choa nacho hupakwa krimu hiyo kikapoteza umbo lake la duara. Pumu ya ngozi haiambukizi, hupenda mashavu makavu ya kichanga, na mara nyingi huliacha eneo la nepi. Ila mtoto mwenye pumu ya ngozi anaweza kupata upele juu yake, kwa hiyo dada akianza kuwashwa, rudini mkaangaliwe upya.

"Amepakwa dawa, bado anajikuna: dawa mbovu."

Muwasho unaweza kubaki wiki 2 hadi 4 baada ya utitiri kufa, na vinundu vya makwapani hukaa zaidi. Angalia vipele vipya, hivyo ndivyo vya kukutia wasiwasi. Permethrini ya 5%, krimu ya kuua utitiri, hutumika kuanzia umri wa miezi 2 na hurudiwa baada ya siku 7 hadi 14. Aliye mdogo zaidi achaguliwe dawa na daktari. Kichanga hupakwa hadi kichwani, macho na mdomo vikiepukwa, na huvikwa soksi mikononi asiilambe. Nguo na mashuka hufuliwa kwa maji ya nyuzi 60, au hufungwa kwenye mfuko kwa siku 3 au zaidi.

Homa, usaha unaosambaa, au kichanga kukataa kunyonya havisubiri miadi. Bakteria wanaoingia kwenye michubuko ya kujikuna wanaweza baadaye kuathiri figo, na mkojo wa rangi ya chai au uso kuvimba ni dalili zake.