Kwa nini Land Rover ya zamani hutetemeka ikifika 60, kisha ikipakia mzigo hutulia?

Jirani yangu mmoja hapa Ngamiani, Tanga, ana Land Rover Series III, toleo lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Gari likiwa tupu huenda vizuri mpaka ligonge kilomita 60 kwa saa. Hapo sakafu huanza kuunguruma na kioo cha pembeni kutikisika hata huoni kinachokuja nyuma. Ila akitoka Muheza na magunia ya machungwa, mwendo uleule, barabara ileile, kimya.

Kila fundi alikuja na lake. Mmoja alibalansi matairi, mwingine alilaumu difu, yaani gia za kwenye ekseli, wa tatu alifunga krosi mpya, vile viungo vinavyopinda kwenye ncha za propela (shafti inayopeleka nguvu kutoka kwenye gia hadi kwenye difu), mbele na nyuma. Pesa zilikwenda, mtetemo ukabaki. Mimi naona shida yetu ni kukimbilia spea kabla ya kulihoji gari lenyewe.

Na gari hujibu, ukijua nini kinazunguka kwa kasi gani. Tairi la Land Rover hii likizunguka mara moja husogea karibu mita 2.4, kwa hiyo kwenye 60 linazunguka kama mara 7 kwa sekunde. Tairi baya basi hutikisa taratibu, na mara nyingi utalisikia kwenye usukani. Difu ya gari hili ina uwiano wa 4.7 kwa 1, maana yake propela inazunguka kama mara 33 kwa sekunde. Mtetemo wa jirani haukuwa wa kutikisa, ulikuwa wa kuunguruma. Ukiwa 60 kwenye barabara iliyonyooka isiyo na magari, kanyaga klachi, weka frii, injini ishuke sailensa, yaani izunguke taratibu bila kukanyagwa mafuta. Muungurumo ukibaki vilevile, injini haina kesi. Kwake ulibaki.

Sasa ni propela ipi, ya mbele au ya nyuma? Series ina raha yake hapa. Ukifungua propela ya mbele, gari linakwenda kwa magurudumu ya nyuma kama kawaida. Ukifungua ya nyuma na kubonyeza kile kitufe cha njano kando ya gia, linavutwa na ya mbele peke yake. Ila kabla ya kugusa nati za propela ya nyuma, weka mawe kwenye matairi. Hendibreki ya magari haya haishiki magurudumu. Inashika dramu lililo nyuma ya transfa, lile boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma, na propela imefungwa kwenye dramu hilohilo. Ukiitoa, hendibreki haina tena cha kushika kule nyuma, nawe umelala chini ya gari.

Ya mbele ilipotolewa, muungurumo haukupungua. Ilipotolewa ya nyuma, ukatoweka. Fundi kijana aliyekuwa akifanya jaribio hili akamgeukia mwenye gari.

"Mzee, hii propela ilichomolewa lini?"

"Haijachomolewa. Ilipakwa grisi tu, kabla ya Ramadhani."

"Waliitenganisha hapa katikati?"

"Eeh, wakaifuta, wakairudisha."

Ndipo alipochukua kitambaa na mafuta ya taa, akasugua matope na grisi kavu pale vipande viwili vya propela vinapoingiliana kwa meno. Shafti za aina hii huwa zimegongwa mishale miwili, mmoja kila kipande, na inapaswa kutazamana. Hii haikutazamana. Walioirudisha walikosea meno.

Kwa nini meno machache yatikise gari zima? Kiungo cha krosi ni cha kale. Gerolamo Cardano wa Italia anahusishwa nacho tangu karne ya 16, na Robert Hooke wa Uingereza alikifanyia kazi karne ya 17. Kina kilema kimoja: kikizunguka kimepinda, upande wa pili hauendi kwa kasi moja, bali hukimbia na kuchelewa mara mbili katika kila mzunguko. Pembe ikiwa nyuzi 10, kasi hupanda na kushuka kwa takriban asilimia 1.5. Propela inachechemea, kwa lugha nyingine. Ndiyo maana kuna krosi mbili. Masikio yanayoshika krosi ya mbele yakilingana na yale ya krosi ya nyuma, na pembe zikiwa sawa, krosi ya pili husawazisha kilichovurugwa na ya kwanza, na difu hupokea mzunguko laini. Masikio yakipishana, usawazishaji unaharibika. Yakipishana robo mzunguko, kasoro mbili hujumlishana, asilimia 1.5 ikawa 3. Mara 33 kwa sekunde, kila mzunguko mishtuko miwili, hiyo ni kama mishtuko 65 kila sekunde.

Na machungwa je? Mzigo hulaza springi za nyuma, bodi linashuka, propela inakaribia kunyooka. Pembe ikishuka kutoka nyuzi 10 hadi 5, kasoro haipungui nusu tu, inabaki kama robo. Hilo ndilo lililowafanya wengine waape kwamba springi ndizo mbovu.

Tiba ilikuwa kutenganisha vipande, kulinganisha mishale na kurudisha. Hakuna spea iliyonunuliwa. Lakini usiende kulinganisha masikio ya kila gari kwa macho: yako magari ambayo kiwandani hupishanishwa makusudi kwa kuwa pembe zake mbili hazilingani. Fuata alama. Na kama zimeliwa na kutu, jambo la kawaida kwa magari ya hapa pwani, tafuta kitabu cha gari.

Muungurumo umekwisha. Lakini kule kutikiswa miezi yote kuliacha deni: sili ya nyuma ya transfa inavuja, oili inaingia kwenye dramu, na hendibreki sasa haishiki vizuri hata propela ikiwa mahali pake.