Makalasinga hawakuanza kama jeshi la kupigana na Waislamu

Kila nikitoka Mombasa kwenda Nairobi napenda kushuka Makindu pale kwa hekalu la makalasinga, yaani Masikh, unavua viatu, unafunika kichwa, unapewa chapati na dengu na chai moto na hakuna anayekuuliza dini wala pesa. Juzi mzee mmoja tuliyekaa naye akaniambia, "Kijana, hawa ni Wahindu tu wenye vilemba, dini yao ilianzishwa kupiga Waislamu." Nimeisikia sana hiyo na inaniuma, manake ukifuata tarehe haishiki kabisa.

Guru Nanak, mwalimu wa kwanza aliyeanzisha dini hii, alizaliwa 1469 Talwandi, Punjab, siku hizi ni Nankana Sahib, Pakistan. Na usidhani India wakati huo ilikuwa nchi moja yenye mfalme mmoja. Delhi walikuwa masultani wa Lodi, kusini dola ya Vijayanagara, Bengal na Gujarat zina masultani wao, Warajput nao na falme zao, alafu 1526 Babur, Mwislamu aliyeanzisha dola ya Mughal, akaja kutoka Kabul akampiga Ibrahim Lodi, sultani wa Delhi, pale Panipat. Nanak aliishi katikati ya hayo yote, akatunga mashairi ya uchungu juu ya uvamizi wa Babur, na humo analilia wanawake wa Kihindu na wa Kiislamu pamoja. Jeshi hakuunda. Alikaa Kartarpur akilima, akifundisha Mungu mmoja, hakuna tabaka, kula jasho lako na ugawie wengine. Ile chapati ya Makindu imetoka huko.

Wengine wanasema ni mchanganyiko wa Uhindu na Uislamu kwa sababu kitabu chao kina mashairi ya Sheikh Farid, ambaye ni Mwislamu, na ya Kabir na wengine. Lakini kuheshimu maneno ya mtu sio kuchanganya dini, Nanak alikuwa na mafundisho yake kamili.

Sasa upanga ulitoka wapi? 1604 Guru wa tano, Arjan, alikamilisha kitabu kikawekwa Amritsar, na 1606 akauawa Lahore kwa amri ya Jahangir, mfalme wa Mughal. Jahangir mwenyewe ameandika kwamba mwanawe Khusrau alipoasi alipita kwa Guru akapata baraka zake, yaani siasa za kiti cha enzi zilikuwa ndani hapo. Baada ya kifo hicho ndipo mtoto wake Arjan, Hargobind, akavaa panga mbili, moja ya mambo ya roho moja ya dunia. Hesabu mwenyewe, imeshapita miaka zaidi ya 130 tangu Nanak azaliwe! Alafu 1675 Aurangzeb, mfalme mwingine wa Mughal, akaamuru Guru wa tisa, Tegh Bahadur, akatwe kichwa Delhi, na 1699 mwanawe Gobind Singh akaanzisha Khalsa, jumuiya ya makalasinga waliokula kiapo, pale Anandpur. Kutokata nywele, bangili ya chuma, kile kisu, vyote hivyo ni utaratibu wa Khalsa.

Na hapa ndio watu hawapendi kusikia: waliopigana na Gobind Singh kwenye vita vya Bhangani walikuwa marajah wa milimani, Wahindu, na aliyeleta wanawe mwenyewe na wafuasi wake kumsaidia alikuwa Pir Buddhu Shah, Mwislamu wa Kisufi. Watoto wawili wadogo wa Gobind Singh walipohukumiwa kifo na watawala wa Mughal mjini Sirhind, makalasinga wanasimulia mpaka leo kwamba nawabu wa Malerkotla, Mwislamu wa upande wa Mughal, alisimama akapinga.

Kingine, sio kila mwenye jina Singh ni kalasinga. Man Singh, jenerali wa Akbar mfalme wa Mughal, alikuwa Mrajput Mhindu.

Na Ranjit Singh, kalasinga aliyejenga dola yao Punjab, alipochukua Lahore 1799, akawa maharaja 1801, raia wake wengi walikuwa Waislamu na mambo ya nje alimwachia Fakir Azizuddin, Mwislamu. Dola hiyo haikuangushwa na Waislamu, iliangushwa na Waingereza, 1849.