Mnahesabu Antena, Mnaisahau Adapta

Wiki hii imekuja tena. Mteja kanitumia picha ya WhatsApp kutoka dukani Kariakoo: rauta nyeusi, vijiti vinane vya antena vimesimama, na chini yake ujumbe, "Fundi, hii itafika chumba cha nyuma? Jamaa anasema ina masikio nane." Rauta yake ya zamani ilikuwa na mawili. Hesabu yake basi ni nyepesi: mawili yameshindwa, manane yataweza. Muuzaji naye hana sababu ya kumsahihisha, kwa sababu kila sikio linaongeza bei.

Swali hili nimeshalijibu kwa simu, kwa maandishi, na kuna siku nililijibu nikiwa juu ya ngazi na drili mkononi. Sasa naliandika hapa, ili nikiulizwa tena nitume linki nikaendelee na kazi.

Antena haizalishi nguvu. Kazi yake ni kuamua nguvu iliyopo iende wapi. Ukiona kijiti kimeandikwa 5 dBi (kipimo cha antena inavyoelekeza mawimbi), maana yake kinayabana mawimbi yatambae zaidi kwa ubavu, na kwa kufanya hivyo kinayapunguza kwenda juu na chini. Kwenye nyumba ya chini iliyotandaa kiwanjani, hilo linakufaa. Kwenye nyumba ya ghorofa, rauta ikiwa sebuleni na watoto wanalala juu, kijiti hichohicho kikisimama wima kinawanyima wale wa juu. Ndiyo maana nikifika kwa mtu huwa nalaza kijiti kimoja au viwili. Wenye nyumba hudhani nimevunja.

Halafu kuna sheria. Kila nchi inaweka kikomo cha nguvu ya kurusha. Ulaya kwenye bendi ya gigahezi 2.4 (Wi-Fi ina bendi mbili za kawaida, 2.4 na 5) kikomo ni miliwati 100, na kinachohesabiwa ni kile kinachotoka hewani, antena ikiwa imeshajumlishwa. Kwa hiyo mtengenezaji anayefuata kanuni akikuwekea antena kubwa zaidi, anatakiwa apunguze nguvu ya chipu ili jumla isivuke mstari. Umenunua vijiti virefu, umepata jumla ileile. Asiyefuata kanuni ni habari nyingine, na kwa bei zile za chini kabisa sikuhakikishii kwamba anafuata.

Sasa tufanye kwamba rauta yako kweli inarusha kwa nguvu. Simu je? Wi-Fi ni mazungumzo ya pande mbili. Kila pakiti, yaani kipande cha data, ambayo simu inaipokea, inatakiwa ijibu "nimeipata", na simu ina betri ndogo na antena iliyofichwa pembeni mwa kioo. Muadhini ana kipaza sauti, mtaa mzima unamsikia. Wewe ukimjibu kutoka kitandani kwako hatakusikia. Ndiyo yale mnayoniambia: "Fundi, mistari ya Wi-Fi imejaa lakini haifungui kitu." Mistari inaonyesha unavyoisikia rauta. Haionyeshi rauta inavyokusikia wewe.

Hapa mtu anayejua mambo atanikamata, na ana haki. Antena nzuri inasaidia kusikiliza pia, si kurusha tu. Na rauta yenye mikondo minne ya kweli, yaani njia nne za kurusha na kupokea kwa pamoja, ile inayoandikwa 4x4, inaisikia simu ya mikondo miwili vizuri kuliko rauta ya 2x2, hata kama simu yenyewe haijabadilika. Hilo nakubali bila kinyongo. Ugomvi wangu ni kwamba idadi ya vijiti nje ya boksi haikuambii idadi ya mikondo ndani. Rauta yenye vijiti vinne mara nyingi ni 2x2: viwili vya bendi ya 2.4, viwili vya bendi ya 5. Kuna yenye vijiti viwili tu inayofanya kazi hiyohiyo, kwa kuwa kila kijiti kinahudumia bendi zote mbili. Kuna zisizo na kijiti hata kimoja, antena zote zimo ndani, nazo baadhi zinazipita hizo zenye masikio. Na kuna zile ambazo ukizifungua unakuta vijiti viwili vimeishia kwenye plastiki. Hakuna waya, hakuna kitu, ni pambo. Nimezishika kwa mikono yangu, jina silitaji.

Unajuaje bila bisibisi? Soma karatasi ya sifa kwenye tovuti ya mtengenezaji, tafuta 2x2 au 4x4 kwa kila bendi. Kama rauta ina namba ya FCC ID kwenye lebo ya chini, iingize namba hiyo kwenye tovuti ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani. Mara nyingi utakuta picha za ndani, ubao wote umefunuliwa, na unaweza kuhesabu nyaya ukiwa umekaa kitandani. Watu wachache wanajua hili, na wauzaji wanaofurahia kuulizwa ni wachache zaidi.

Namba za kwenye boksi nazipitia haraka. AC1200 ni megabiti 300 kwa sekunde za bendi ya 2.4 ukijumlisha na 867 za bendi ya 5, kisha ikasogezwa juu kidogo ipendeze. Simu yako inakaa bendi moja kwa wakati, kwa hiyo hiyo jumla hakuna kifaa chako kitakachoiona. Na hata hizo 867 ni za maabara. Nusu yake ukiwa chumba kimoja na rauta, shukuru.

Kitu ambacho hakuna anayekiangalia ni matundu ya waya nyuma. TP-Link Archer C50 na Archer C6 zote zinauzwa kama AC1200, lakini C50 matundu yake ni ya megabiti 100 na C6 ni ya gigabiti. Umelipia faiba ya megabiti 200, umenunua rauta yenye tundu la 100, basi nusu ya pesa yako inaishia kwenye tundu hilo kila mwezi, hata ukiongeza antena mpaka zifike kumi na mbili. Ukiona 10/100 kwenye sifa na bando lako linapita 100, rudisha rafuni.

Lakini ngoja. Nani kakuambia rauta imekufa?

Rauta nyingi ninazoitiwa "imeungua, nitafutie nyingine", tatizo ni adapta, kile kichwa cha kuchomeka kwenye umeme. Dalili zake ni hizi: inafanya kazi asubuhi, jioni watu wote wakiwa nyumbani inajizima na kujiwasha. Vifaa vikiwa vingi rauta inavuta umeme zaidi, na adapta iliyochoka haiuwezi. Ukiipima kwa mita ikiwa haina mzigo inasoma volti 12 na kitu, unasema nzima. Ichomeke kwenye rauta upime tena wakati watu wanaitumia: inashuka mpaka 9 na kidogo, taa zote zinazimika kwa pamoja, zinaanza upya. Kapasita za ndani zimekauka kwa joto, na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo umezimaliza. Nunua adapta nyingine: volti zilezile, ampea zilezile au zaidi, kichwa kinachoingia bila kuchezacheza, na alama ya chanya katikati kama ya zamani. Volti usizibahatishe. Ukiichomekea rauta ya volti 9 adapta ya 12, hapo ndipo inaweza kuungua kweli.

Ukishafika hapo, ongeza UPS ndogo ya DC, zile betri za akiba zinazokaa kati ya adapta na rauta. Kwa mazingira yetu naihesabu kama sehemu ya rauta. Umeme ukikatika intaneti inaendelea, na zaidi ya hapo, rauta haipigwi na ule mrudi wa ghafla.

Na kwa watu wa faiba: kile kisanduku alichokufungia mtoa huduma, chenye waya mwembamba wa kioo, si rauta ya kutupa. Kimesajiliwa kwake, na ukinunua kingine sokoni hakitaongea na mtandao wake mpaka akisajili. Taa ya LOS (ishara imepotea) ikiwaka nyekundu, tatizo lipo upande wa faiba. Usinunue chochote, piga simu kwa huduma. Unachobadilisha ni upande wa Wi-Fi. Unachomeka rauta yako nyuma ya kisanduku kwa waya, unazima Wi-Fi ya kisanduku, umemaliza. Wenye rauta za laini ya 4G, hayo ni mambo mengine, na huko antena ya nje kweli inaweza kukuokoa, kwa sababu unatafuta mnara ulio mbali. Nadhani ndiko uvumi huu wote ulikotoka.

Turudi kwa mteja wangu na chumba chake cha nyuma. Nilimwambia asinunue, nikaenda. Rauta ya zamani ilikuwa ndani ya kabati la TV, mlango wa kioo umefungwa, dekoda juu yake, na mama mwenye nyumba ameifunika kitambaa cha kudarizi kwa sababu "zile taa zinakera macho usiku". Nikaigusa, ya moto. Ukuta wa nyuma ya kabati ni tofali la saruji, upande wa pili jikoni, na friji imeegemea ukuta huohuo. Kwenye kitanda cha chumba cha nyuma simu ilisoma -79 dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi ambacho kadiri kinavyokaribia sifuri ndivyo kinavyokuwa bora. Kwa video unataka -67 au karibu na hapo, na ikifika -80 unahangaika. Nikaitoa kabatini, nikaipandisha ukutani kwenye korido, juu ya usawa wa kichwa, waya nikaufuatisha na kona ya dari. Kitandani ikasoma -64, rauta ileile na masikio yake mawili. Kitambaa nilimrudishia mama, nikamzimia taa kwa kutumia mipangilio, maana rauta nyingi zina sehemu hiyo na hakuna anayeifungua.

Kuna nyumba ambazo hilo halitoshi. Mji Mkongwe wa Zanzibar kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba dirisha lina upana wa kukalia. Hapo bendi ya 5 inakufa kwenye ukuta wa kwanza. Dawa yake ni waya: vuta kebo ya LAN mpaka upande wa pili, funga akses pointi huko, kifaa cha kurusha Wi-Fi kinachopokea intaneti kwa waya. Mifumo ya meshi isiyo na waya, yaani vipande kadhaa vinavyopokezana Wi-Fi nyumbani, inasaidia, lakini kila kipande kinatakiwa kimsikie mwenzake kwanza, na kama ukuta umezuia simu utazuia na kipande. Na niseme ambalo maboksi hayasemi: kuhama kutoka kipande kimoja kwenda kingine ni uamuzi wa simu yenyewe. Nimefunga mifumo miwili inayofanana kabisa, nyumba moja simu zinahama vizuri, nyingine kuna simu inang'ang'ania kipande cha sebuleni mpaka inakaribia kupotea. Kwa nini? Nina dhana, sina jibu.

Hata kudumu kwa rauta sina namna ya kukuahidi. Mtu anataka nimwambie "nunua kampuni hii, itakaa miaka mitano", nami naona kampuni hiyohiyo ikitoa nzuri na mbovu kwa jina moja. Si jambo jipya. Linksys WRT54G ilitoka mwaka 2002 ikapendwa dunia nzima. Mwaka 2005 likaja toleo la 5, jina lilelile, sura ileile, kumbukumbu ya ndani imekatwa nusu: RAM kutoka megabaiti 16 hadi 8. Aliyenunua kwa sifa za rafiki yake alipata kitu kingine. Mpaka leo mtindo ni huo, na lebo ya chini ndiyo inayokuambia ni toleo gani, V2 au V4. Maoni unayoyasoma mtandaoni angalia ni ya V ngapi.

Usalama kwa kifupi: chagua ulinzi wa WPA3 au WPA2, zima WPS (ile njia ya kuunganisha kwa kitufe au PIN), badilisha neno la siri la mipangilio. La muhimu zaidi ni kama mtengenezaji bado anatoa masasisho ya modeli hiyo. Mwaka 2018 virusi vya VPNFilter viliingia kwenye rauta na vifaa vingine vya mtandao visivyopungua 500,000 katika nchi zaidi ya 50, vingi vikiwa vifaa vya kawaida vya majumbani na ofisi ndogo. Ndiyo sababu naogopa rauta za mtumba, hasa zenye nembo ya kampuni ya simu ya Ulaya: nyingi zimefungwa kwa mtandao wa kule, na masasisho yake hayatakufikia.

Kama unanunua mwezi huu, chukua Wi-Fi 6, 2x2, matundu ya gigabiti. Wi-Fi 7 ni nzuri, ila kama hakuna simu nyumbani inayoielewa unalipia kitu cha baadaye kwa bei ya leo. Ukifika dukani omba boksi lifunguliwe, geuza rauta usome V ngapi, shika na adapta uone volti na ampea vinalingana na lebo. Wakikuambia halifunguliwi mpaka ulipie, duka la pili liko hatua tatu kutoka hapo.