Je, wajua kuku ndio waliosaidia kutegua fumbo la miguu iliyopooza Marekani mwaka 1930?

Mwishoni mwa Februari 1930, katika jiji la Oklahoma City, mwanamume mmoja alifika hospitalini kwa Dkt. Ephraim Goldfain akitembea kwa namna ya ajabu. Alinyanyua goti juu kama mtu anayevuka tope, kisha unyayo ukaanguka wenyewe: vidole vikagonga sakafu kwanza, kisigino kikafuata. Hakuwa na homa. Hakuwa ameanguka wala kupigwa. Kabla siku haijaisha, wengine wenye mwendo uleule wakaletwa. Wiki chache baadaye mwendo huo ulikuwa unasikika Tennessee, Kentucky, Mississippi na Kansas, hadi Rhode Island kule pwani ya mashariki. Mwisho wa hesabu, waliopooza walikuwa makumi ya maelfu.

Nini kiliwakumba watu hawa?

Madaktari walianza na wanachokijua. Polio? Polio huja na homa na hupenda watoto, na hapa watoto walikuwa wazima. Madini ya risasi, au arseniki? Dalili hazikulingana. Pombe ya viwandani iliyotiwa methanoli, ambayo miaka ile iliua wengi? Methanoli hupofusha macho na kuua, lakini haimwachi mtu akili timamu, macho mazima, miguu tu imelegea. Kilichowaunganisha wagonjwa ni kwamba karibu wote walikuwa watu wazima, wengi wanaume, wengi maskini. Na walipoulizwa kwa upole, wakakiri jambo moja: walikuwa wamekunywa jake.

Hapo inabidi tueleze jake ni nini. Tangu Januari 1920 katiba ya Marekani ilipiga marufuku kutengeneza, kusafirisha na kuuza kileo. Mwenye uwezo hakupata shida sana. Alikuwa na baa za siri, au alimlipa daktari amwandikie wiski kama dawa, jambo ambalo sheria iliruhusu. Kibarua asiye na kitu alikwenda duka la dawa kununua tangawizi ya Jamaika, dawa ya tumbo iliyokuwa ikiuzwa tangu karne ya 19. Mtaani waliiita jake. Kichupa cha mililita 60 hivi kiliuzwa senti 35, na ndani yake kileo kilikuwa asilimia 70 hadi 80. Kichupa kimoja kilikuwa sawa na toti nne hivi za wiski. Mtu alikimimina kwenye soda, akanywa, akaenda zake.

Serikali ilijua. Ndiyo maana ilitaka dawa hiyo iwe na tangawizi nyingi mno, kiasi cha kuunguza koo, ili asipatikane wa kuinywa kwa starehe. Mkaguzi alipotaka kupima, alichukua sampuli, akaichemsha mpaka kimiminika chote kikaisha, kisha akaweka mabaki kwenye mizani. Mabaki yakiwa mazito, basi tangawizi imo na sheria imefuatwa.

Hebu itazame mizani hiyo kwa makini, maana fumbo lote limelala juu yake. Haikupima tangawizi. Ilipima uzito. Wachakachuaji waligundua haraka kwamba unaweza kupunguza tangawizi ili kinywaji kiteremke vizuri, halafu ukajazia kitu kingine kisichoyeyuka hewani wakati wa kuchemsha. Kwa miaka walitumia molasi, gliserini na mafuta ya mbarika. Hayo hayakumlemaza mtu.

Swali likabaki: kama watu walikunywa jake miaka yote hiyo bila kupooza, nini kilibadilika mwanzoni mwa 1930?

Jibu lilitoka katika maabara ya idara ya afya ya serikali, kwa Maurice Smith na mwenzake Elias Elvove, aliyekuwa mkemia. Walichambua vichupa vilivyotoka kwa waliougua, wakakuta kemikali iitwayo triothokresili fosfeti, ambayo kwa kifupi huandikwa TOCP. Kazi yake halali ilikuwa kulainisha plastiki na vanishi. Lakini kuikuta kwenye chupa ni jambo moja, na kuthibitisha kwamba ndiyo iliyolemaza ni jambo lingine. Smith akawapa wanyama. Tumbili na mbwa walioinywa hawakupata ulemavu ule. Mtu angeweza kukata tamaa hapo na kuitangaza kuwa salama. Alipowapa ndama na kuku, wakapooza miguu kama wale wanaume wa Oklahoma.

Kuku huyo anastahili kutazamwa kwa karibu. Siku za mwanzo baada ya kunyweshwa, haonyeshi kitu. Anadonoa na kutembea kama kawaida. Wiki moja au mbili baadaye anaanza kuyumba, kisha anachuchumaa na kushindwa kuinuka. Cha ajabu ni kwamba vifaranga hawapati shida hiyo, ni kuku wakubwa tu. Kucheleweshwa huko ndiko kulikowachanganya wagonjwa pia. Mtu alikunywa Jumamosi, akaamka salama, akanywa tena wiki iliyofuata. Maumivu ya misuli ya miguu yalipoanza, na baadaye nyayo zilipolegea, hakuona sababu ya kukitilia shaka kichupa cha siku nyingi zilizopita.

Ndani ya mwili, ini huibadilisha TOCP kuwa kitu kikali zaidi, nacho hushika kimeng'enya fulani (protini inayoendesha kazi za kikemia mwilini) kilichomo kwenye neva na kukizuia kabisa. Neva ndefu ndizo huumia kwanza, nazo hufa kuanzia ncha zake. Neva ndefu kuliko zote mwilini ni zile zinazoteremka hadi nyayoni, ndiyo maana miguu ilitangulia, kisha kwa baadhi mikono ikafuata. Neva za miguuni zinaweza kuota tena polepole. Zilizoharibika ndani ya uti wa mgongo hazirudi, na wengi walibaki na miguu iliyokakamaa hadi uzeeni.

Wachunguzi walifuata mapipa nyuma, kutoka duka hadi kwa muuzaji wa jumla, mpaka Boston, kwa mashemeji wawili, Harry Gross na Max Reisman, wenye kampuni iliyoitwa Hub Products. Hawa walikuwa wakitafuta cha kujazia, wakakuta TOCP: haina rangi, haina harufu, ni nzito, haikauki kwa kuchemshwa. Waliamini haina madhara. Iliwekwa kwa ajili ya mizani ya mkaguzi tu. Haikumlevya mnywaji hata kidogo.

Mwaka 1931 walitozwa faini ya dola 1,000 kila mmoja, na kifungo cha miaka miwili kilichoahirishwa. Ukigawanya faini hiyo kwa idadi ya miguu iliyolemaa, inauma. Sheria za dawa za wakati ule hazikumdai mtengenezaji athibitishe usalama wa bidhaa yake kabla ya kuiuza. Walemavu hawakupata fidia, na wengi walificha aibu yao, kwani mwendo wenyewe ulitangaza mtaani kwamba huyu alikunywa kilichokatazwa. Waliowasemea mapema ni waimbaji wa bluzi, muziki wa majonzi, wa kusini mwa Marekani, waliorekodi nyimbo kuhusu ugonjwa huo mwaka uleule wa 1930.

Marufuku yenyewe ilifutwa Desemba 1933, lakini TOCP haikuondoka duniani. Mwaka 1959, katika mji wa Meknès nchini Moroko, watu wapatao 10,000 walipooza baada ya kula vyakula vilivyopikwa kwa mafuta yaliyochakachuliwa na vilainishi vya injini za ndege. Wengi wao hawakuwahi kugusa kileo. Walinunua mafuta ya kupikia ya bei nafuu sokoni.

Na kuku bado yuko kazini. Dawa nyingi za kuua wadudu mashambani ni za ukoo mmoja na TOCP, na kanuni za kimataifa za kupima dawa za ukoo huo zinataka zijaribiwe kwa kuku jike waliokomaa. Hunyweshwa, kisha huangaliwa kwa wiki tatu wanavyotembea.